Tarishi Mwenye Ufunguo

Neno tarishi linazeeka. Maofisini siku hizi watu wanasema mesenja, na ofisi nyingi hazina hata huyo mesenja. Kuna bodaboda wa kupigiwa simu. Mimi nalipenda neno hilo kwa sababu ya ugumu wa kazi yenyewe. Tarishi hakulipwa kwa ajili ya miguu yake tu. Alilipwa abebe maneno ya watu wawili, ayafikishe, na asiyafungue njiani.

Kama unapokea barua pepe za kazini kwenye simu yako, basi unaye tarishi. Hana baiskeli wala mkoba wa ngozi. Ni programu iliyo ndani ya kompyuta fulani ambayo huenda hujawahi kuiona, na kazi yake ni kuchungulia sanduku lako usiku na mchana. Ikikuta barua mpya inaikimbiza mpaka mfukoni mwako. Mafundi wanaiita seva ya kusawazisha barua. Sisi wengine tunasema tu "imeli zinaingia kwenye simu", yameisha. Lakini ili barua ziingie kwenye simu, lazima kwanza kuna kitu kiingie kwenye sanduku, na sanduku halifunguki bila ufunguo. Nani anao? Nimefanya kazi ya uandishi wa habari kwa zaidi ya miaka kumi sasa, na ni maswali machache ya kiufundi yaliyonikosesha usingizi kama hilo.

Tuanze na sanduku lenyewe, lile la chuma. Kwetu Tanzania hatukuzoea postamani wa kupiga hodi mlango kwa mlango. Barua ilikwenda posta, ikalala kwenye kisanduku chenye namba, S.L.P. fulani, ikamsubiri mwenye ufunguo. Waliokuwa na masanduku yao wenyewe walikuwa wachache. Wengine tuliishi kwenye masanduku ya watu: la shule, la parokia, la kiwanda alichofanyia kazi mjomba. Mama yangu alipokea barua za kaka yake kupitia sanduku la shule ya msingi, na kwenye bahasha paliandikwa jina lake, kisha chini yake "kwa mkono wa Mwalimu Mkuu". Mwalimu Mkuu ndiye aliyekuwa na ufunguo. Kijiji kizima kilijua anao, kilijua siku anayokwenda mjini kuchukua barua, na kilijua nyumba yake iko wapi endapo bahasha ingefika imefunguliwa na kubandikwa upya kwa ugali. Ufunguo ulikuwa mikononi mwa mtu mwingine, sawa, lakini mtu huyo alikuwa na sura, na ungeweza kumfuata.

Barua pepe ilitupa kila mmoja sanduku lake. Gmail ya Kiswahili inaliita Kikasha, neno zuri kabisa. Kuna jambo moja tu ambalo wengi hatulioni: kikasha hakimo kwenye simu. Kipo kwenye seva ya barua, ofisini kwenu au ng'ambo, na simu inaonyesha nakala tu. Njia za zamani za kuzifuata barua, POP na IMAP, zilizaliwa miaka ya 1980, na kwa kawaida zilifanya kama tulivyofanya sisi posta: unakwenda, unafungua, unatazama kama kuna kitu, unarudi. Mwaka 1999 kampuni moja ya Kanada, Research In Motion ya mjini Waterloo, ilitoa kifaa cha kwanza chenye jina la BlackBerry, na ahadi yake ilikuwa kinyume cha hayo: huifuati barua, barua inakufuata. Ili ikufuate, ilibidi mtu awekwe katikati.

Mwaka 2011, ule wa miaka 50 ya Uhuru, nilikuwa mwandishi mchanga kwenye chumba cha habari jijini Dar es Salaam. Wenzangu waliojiweza walikuwa wamejinunulia BlackBerry zao. Kujiunga kulikuwa rahisi: unaandika anwani yako na nywila yako, huduma inavihifadhi upande wa pili, na kuanzia hapo yenyewe ndiyo inayokwenda kufungua sanduku kwa niaba yako. Kwa lugha ya mtaani, umemchongea tarishi ufunguo wa pili. Upande wa pili ni wapi? Hakuna aliyeuliza mpaka Jumatatu ya tarehe 10 Oktoba.

Siku hiyo simu zilinyamaza. Tulikuwa tunaandaa kurasa za kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, zile za tarehe 14, na watu walizunguka chumbani wakizitikisa simu zao kama redio iliyoishiwa betri. Ajabu ni kwamba kwenye kompyuta barua zilikuwepo zote. Masanduku yalikuwa mazima, barua zimo. Tarishi ndiye aliyekuwa ameanguka. Baadaye kampuni ikaeleza kwamba swichi kuu kwenye mitambo yake iliharibika, na ile ya akiba haikushika kama ilivyokuwa imejaribiwa. Mitambo hiyo ilikuwa Slough, mji ulio magharibi ya London, na ndiyo iliyohudumia Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika. Tatizo likasambaa mpaka mabara mengine, na mambo hayakutulia mpaka siku ya nne. Kumbe barua ya mhariri wa Dar kwenda kwenye simu ya mwandishi aliyeko Dodoma ilikuwa inapitia Uingereza! Mpiga picha wetu mmoja, mzee wa masihara, akasema, "Miaka 50 tunashangilia mkoloni kaondoka, kumbe kahamia kwenye simu." Tulicheka. Ila tangu siku hiyo nilianza kuuliza.

Wahariri wao walikuwa na mpango tofauti. Ofisi ilikuwa na seva yake, BlackBerry Enterprise Server, kwenye kachumba kenye kiyoyozi mwisho wa ukumbi. Mwaka uliofuata nilirithi simu ya mhariri mmoja aliyepata mpya, nikaipeleka kwa fundi wa IT aiunganishe. Alikuwa kaka mpole, mwenye tabia ya kuongea na mashine kuliko na watu. Akabofya huku na kule, akanipa neno fupi la kuwashia, akaniambia niliandike kwenye simu pamoja na anwani yangu. Nikaandika. Kwenye kompyuta yangu nikaona barua ya ajabu imeingia kikashani, ina kiambatisho chenye jina nisilolielewa. Kabla sijaifungua ikatoweka. Dakika chache baadaye barua zangu zote za karibuni zikaanza kumiminika kwenye simu.

"Ile barua imekwenda wapi?" nikamuuliza.

"Ilikuwa ya seva. Simu inajitambulisha kwa kutuma barua kwenye sanduku lako, seva inaichukua humo humo."

"Na mbona hujaniuliza nywila yangu?"

Akatabasamu. "Haihitajiki."

Akanieleza, na nitayaeleza hapa kama nilivyoyaelewa. Seva ile ilikuwa na akaunti yake kwenye mfumo wa barua wa ofisi. Haikuwa akaunti ya mtu. Hakuna mfanyakazi aliyeitwa hivyo, haikupokea mshahara wala kwenda likizo. Lakini ilipewa ruhusa ya kufungua masanduku ya wote, kupokea kilichomo, na kutuma barua kwa jina la mwenye sanduku. Ruhusa hiyo ya mwisho ilinishtua, mpaka akanionyesha kwa nini haikwepeki. Ninapojibu barua nikiwa kwenye daladala, simu haitumi chochote moja kwa moja kwa ninayemwandikia. Inampa tarishi, tarishi anarudi ofisini, anaingia kwenye sanduku langu na kuituma humo akitumia jina langu. Mnyime ruhusa hiyo, atakuletea barua lakini hataweza kurudisha jibu.

"Kwa hiyo wewe unaweza kusoma barua zangu."

"Naweza, dada. Ila kazi ziko nyingi."

Sijawahi kupewa jibu la kweli kama lile na mtu yeyote wa mitambo. Hakusema haiwezekani. Alisema hana muda. Usalama wa siri zangu, na za waliozikabidhi kwangu, ulikuwa umejengwa juu ya uchovu wa mtu mmoja mwaminifu.

Haki yake nimpe: njia yenyewe ilikuwa imefungwa vizuri. Kati ya seva ya ofisi na simu, barua zilisafiri kwa msimbo ambao ni vyombo hivyo viwili tu vilivyoweza kuufungua, na kampuni ya Kanada ilishikilia kwamba yenyewe haina ufunguo huo. Serikali kadhaa hazikufurahia. Agosti 2010 Umoja wa Falme za Kiarabu ulitangaza kwamba ungesimamisha huduma za BlackBerry kuanzia 11 Oktoba, kwa maelezo kwamba haziendani na taratibu zake, na kwa ndugu zetu walioko Dubai na wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofuata mzigo huko, haikuwa habari ya mbali. Siku chache kabla ya tarehe kufika, mamlaka zikasema huduma sasa zinakidhi masharti, zuio likaachwa. Mjadala wote wa dunia ulikuwa juu ya barabara: nani anaweza kumsimamisha tarishi njiani. Ndani ya ofisi, kule anakoanzia safari, palikuwa na ufunguo mmoja unaofungua masanduku yote, na hapakuwa na mjadala wowote.

Miaka miwili baadaye nilikuwa nafuatilia malipo ya mradi wa maji kwenye halmashauri moja. Aliyekuwa na nyaraka alikuwa mama mmoja wa masjala, amebakiza miaka michache astaafu. Nilimwambia azipige picha, anitumie kwa barua pepe ya ofisi, maana ndiyo iliyokuwa na nafasi ya kutosha. Akanyamaza kidogo kwenye simu.

"Mwanangu, mimi ni mtu wa masjala," akasema. "Najua barua zinavyopita mikononi. Hapa tuna masjala ya wazi na masjala ya siri, na barua ya siri ina mtu mmoja anayeruhusiwa kuifungua, jina lake limeandikwa. Huko kwenu nani anafungua?"

Nikamweleza kuhusu seva. Nilimweleza vizuri, kama nilivyoelezwa na fundi.

"Basi nitakutumia kwa basi," akasema. "Kondakta namjua. Hiyo seva yenu siijui."

Bahasha ya kaki ikafika Ubungo siku iliyofuata, imeandikwa jina la binamu yangu na namba yake ya simu. Aliyekwenda kuichukua ni binamu huyo. Habari ikatoka. Halmashauri ikatafuta aliyevujisha na haikumpata. Wakubwa wa ofisi yangu nao, waliopigiwa simu na wakubwa wenzao, wakaniita na kuniuliza nyaraka nilizipata kwa nani. Nikakataa kusema, kama sheria za kazi yetu zinavyotaka. Walikubali haraka mno. Nikatoka ofisini mle nikijua kwamba mtu anayetaka kujua barua zangu zinatoka kwa nani hana haja ya kuniuliza mimi. Anaweza kwenda hatua ishirini mwisho wa ukumbi, kwenye kachumba kenye kiyoyozi. Sina ushahidi kwamba kuna aliyekwenda. Ninachojua ni kwamba angekwenda asingekuta kitu, na hiyo ilikuwa akili ya yule mama, siyo yangu.

Najua mtu atasema kondakta naye angeweza kuifungua bahasha. Kweli kabisa. Lakini bahasha iliyofunguliwa inaonekana, na kondakta ana stendi, ana tajiri wake, ana zamu ya kurudi kesho yake. Mama yule hakuwa anachagua kati ya njia salama na njia ya hatari. Alichagua hatari anayoweza kuitazama usoni.

Kwetu sisi wapenzi wa vitabu, jambo hili linagusa mpaka namna ya kuandika. Katika Barua Ndefu Kama Hii ya Mariama Bâ, Ramatoulaye anamwandikia rafiki yake Aissatou, na sisi wasomaji tunachungulia kwa ruhusa ya mtunzi. Utamu wote unatokana na imani ya Ramatoulaye kwamba anayesoma ni mmoja, kwa hiyo anasema yote: aibu, hasira, wivu. Barua pepe ya ofisini ina msomaji wa tatu, hata kama msomaji huyo hana muda na hatasoma kamwe. Ukishamjua yupo, mkono unabadilika. Nikizitazama barua zangu za kazini za miaka hiyo, naona sentensi zikifupika mwaka hadi mwaka. "Nimepokea. Asante." "Tuongee." "Nipigie ukipata nafasi." Mtu akija kutafuta historia ya chumba chetu cha habari humo, atadhani tulikuwa watu wakavu sana.

BlackBerry zikapotea, tarishi akabaki. Alibadilisha nguo tu. Simu za aina nyingine zikaja na utaratibu uitwao ActiveSync, ambao simu inaongea na seva ya barua yenyewe, bila kupitia Kanada wala Slough. Namna unavyofanya kazi inanifurahisha. Simu inauliza, "Kuna barua?" na seva haijibu. Inaiacha simu ikishikilia laini, kama mtoto aliyetumwa dukani akaambiwa asubiri hapo hapo, mpaka barua ije au muda uishe. Kisha simu inauliza tena. Ufunguo wa pili hakuna. Lakini mlangoni paliwekwa sharti: ofisi ikikuruhusu kuingiza barua zake kwenye simu yako, nayo inapata mamlaka juu ya simu yako. Inaweza kukulazimisha uweke namba ya siri. Inaweza pia kuifuta.

Mwenzangu wa dawati la mahakama alilijua hilo siku ya tatu baada ya kuacha kazi. Alikuwa amehamia chombo kingine. Simu ilikuwa yake, kainunua Kariakoo kwa hela yake. Asubuhi akiwa anakunywa chai ikajizima, ikajiwasha, ikamkaribisha achague lugha, kama ndiyo inatoka dukani. Mtu fulani alikuwa amefuata orodha ya kuondoa wafanyakazi waliohama, akabofya kitufe. Barua za kazi zilifutika kama ilivyokusudiwa. Zikaondoka pia rekodi za mahojiano ya miaka miwili, namba za mawakili na makarani wa mahakama, na video ya mwanawe anapiga hatua za kwanza. Alipolalamika akaonyeshwa kwamba siku ya kuunganisha alibofya "Kubali". Alibofya kweli, bila kubofya barua zisingeingia, na bila barua kuingia angeonekana hafanyi kazi. Matoleo ya baadaye ya utaratibu huo yaliongeza njia ya kufuta akaunti ya kazi peke yake na kuacha vingine. Kwa yule dada yalichelewa.

Siku hizi mambo yamesogea, nikiri. Mwaka 2012 ulitoka utaratibu wa OAuth 2.0, ambao badala ya kumpa tarishi nywila yako unampa kibali: kina mipaka, kinasema unaruhusiwa kusoma tu au kusoma na kutuma, na unaweza kukifuta leo bila kubadili kitasa. Mwaka 2022 ulikuwa wa mazishi ya njia za zamani. Tarehe 4 Januari huduma za BlackBerry za asili zilizimwa, na kuanzia Oktoba mwaka huo huo Microsoft ikaanza kufunga mlango wa nywila tupu kwenye barua za wateja wake wa mtandaoni. Nchini kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na sasa mtu ana pa kusimamia anapouliza taarifa zake zinafanywa nini na nani.

Ila kibali kinachokuuliza wewe ni kile cha sanduku lako peke yake. Msimamizi wa mfumo bado anaweza kuipa programu moja ruhusa juu ya masanduku yote ya ofisi, na siku hiyo hutaona swali lolote kwenye simu yako. Ndiyo maana kila ninapohamia sehemu mpya, kabla sijaunganisha chochote, nakwenda kwa mtu wa IT na maswali matatu. Nani anaweza kufungua sanduku langu bila mimi kujua? Je, akifungua, inaandikwa mahali? Na siku nikiondoka, mnafuta kitu gani kwenye simu yangu? Wengine hunitazama kama mgomvi. Wengine hujibu vizuri, na hao huwa marafiki zangu.

Fundi wetu wa kwanza, yule wa kazi nyingi, naye aliondoka. Wiki yake ya mwisho alibadilisha nywila ya ile akaunti isiyo ya mtu, akaiandika kwenye karatasi, akaitia kwenye bahasha. Akaibandika, akasaini juu ya mfuniko, akampa mhariri mkuu naye asaini, kisha bahasha ikafungiwa kwenye kabati la chuma. Nilimuuliza kwa nini anahangaika na karatasi, yeye mtu wa kompyuta.

"Kompyuta ikifunguliwa hutajua, dada," akasema. "Bahasha ikifunguliwa, itaonekana."